Antena ya tagi ya RFID juu ya mtungi wa gesi

Swali la msomaji: "Mhandisi, shikamoo. Niko na kampuni ndogo ya kusambaza gesi ya kupikia hapa Dar es Salaam. Tulinunua lebo za RFID, zile za kutambuliwa kwa mawimbi ya redio, aina ya UHF ya karatasi, tukitaka kila mtungi uwe na namba yake. Mezani zinasomeka mita tano hadi sita. Nikibandika kwenye mtungi hazisomeki hata nikigusisha kisomaji. Nimeweka gundi nene, wapi! Nataka nichore antena yangu mwenyewe kwenye bodi ya saketi. Kweli inawezekana, na nianzie wapi?"

Marahaba, kijana wangu. Inawezekana, na huhitaji maabara ya chuo kikuu. Lebo zako ni nzima. Zilitengenezwa kwa ajili ya maboksi na nguo, na aliyezichora alihesabu kwamba nyuma yake kutakuwa na karatasi au hewa. Ukizibandika kwenye chuma, antena yenyewe inageuka kuwa kitu kingine. Kabla hujachora mstari wowote, shika hili: juu ya mtungi, chuma ni sehemu ya antena yako, upende usipende. Kwa hiyo ichore tangu mwanzo chuma kikiwa ndani ya hesabu, na ujue kwamba karibu kila utakachokitaka kutoka kwake, iwe umbali, udogo au uvumilivu wa masafa (yaani mitetemo ya wimbi kwa sekunde, si umbali), utakilipia kwa unene.

Tagi yako haina betri. Kisomaji kinarusha mawimbi, antena ya tagi inayavuna, chipu inaamka kwa nguvu hiyo hiyo na kujibu kwa kubadilisha namna antena inavyoyarudisha mawimbi. Katika megahezi 866, ambayo imo ndani ya bendi ya Ulaya, urefu wa wimbi ni milimita 346. Lebo ya karatasi ni dipoli, yaani mikono miwili ya alumini yenye chipu katikati, na inaishi kwa uga wa umeme unaolala sambamba na mikono hiyo. Juu ya uso wa chuma uga wa namna hiyo hauna nafasi. Elektroni za chuma zinasogea mara moja na kuufuta, wimbi linarudi likiwa limegeuzwa, na karibu na uso wimbi linalokuja na linalorudi yanauana. Milimita 1 juu ya chuma, uga unaobaki haufiki asilimia 4 ya ule wa hewani. Kwenye milimita 5 ni kama asilimia 18. Lazima upande hadi karibu milimita 29 ndipo uupate wote, na mtungi unaoviringishwa na kurushwa kwenye pikapu hauwezi kubeba kitu kilichochomoza sentimita tatu.

Ukitaka kuliona jambo hilo hilo kwa namba za fundi, tazama ukinzani wa mnururisho, yaani ule ukinzani unaowakilisha nguvu inayoondoka kwenye antena kama mawimbi. Dipoli ya nusu wimbi hewani ina takriban ohmu 73. Ilaze milimita 1 juu ya bamba la chuma, na ohmu 73 zinashuka hadi karibu ohmu 0.02, kwa sababu chuma ni kama kioo: chini yake kunatokea dipoli ya pili, mkondo wake ukienda kinyume na wa kwanza. Wakati huo ukanda wenyewe wa alumini una ukinzani wa kawaida, karibu nusu ohmu au zaidi kutegemea upana wake. Kwa hiyo nguvu kidogo iliyosalia inaishia kuwa joto.

Kuna pigo lingine ambalo watu wengi hulisahau. Chipu ya RFID kwa masafa haya ni kama ukinzani mdogo ulioungwa mfululizo na kapasita. Tuseme yako ni ohmu 15, na riaktansi ya kapasita ya ohmu 200 (riaktansi ni upinzani wa kapasita au indakta kwa mkondo unaogeukageuka; ya kapasita na ya indakta huvutana kinyume). Ili antena iipe nguvu yote, inapaswa iwe na ohmu 15 na riaktansi ya indakta ya ohmu 200, ndipo hizo riaktansi mbili zifutane. Sasa chukua lebo ambayo chuma kimeshusha ukinzani wake hadi nusu ohmu na riaktansi yake hadi 120. Piga hesabu ya ulinganifu na utaona kwamba chini ya nusu asilimia ya nguvu ndiyo inayoingia kwenye chipu, nje ya hasara zile za kwanza. Ndiyo maana hata kugusisha kisomaji hakukusaidia. Na gundi nene inaongeza nusu milimita tu, mahali unapohitaji milimita kadhaa.

Kabla ya kuchora, jiulize unataka kusoma kutoka wapi. Kama mtungi unasomwa mmoja mmoja, mtu akiwa ameusimamia, huenda huhitaji UHF kabisa. Kwenye megahezi 13.56, ambako simu nyingi zenye NFC, yaani usomaji wa karibu sana, zinasoma, antena ni koili, na adui ni mikondo ya mzunguko inayozuka ndani ya chuma na kuupinga uga wa sumaku wa koili. Dawa yake ni karatasi nyembamba ya feraiti, aina ya keramiki ya sumaku, kati ya koili na chuma, inayoupitisha uga wa sumaku pembeni kabla haujafika kwenye chuma. Tagi za namna hiyo zinauzwa tayari na husomeka kwa sentimita chache. Kwa kampuni ndogo, mimi ningeanza hapo bila aibu. Lakini umeuliza kuhusu UHF, na nadhani unataka mita moja au mbili, kwa hiyo tuendelee.

Njia rahisi kuliko zote ni kuiinua lebo uliyonayo kwa povu la milimita kadhaa, au kuikunja isimame wima kama bendera nje ya chuma. Zote zinafanya kazi kwenye rafu za ofisini. Kwenye mtungi hazitamaliza wiki. Utasoma pia kuhusu nyuso za kubuni, zenye vigae vingi vya shaba, ambazo hurudisha wimbi bila kuligeuza. Ni fizikia nzuri sana, lakini vigae vyake vinataka eneo kubwa, na kola ya mtungi, ile pete ya chuma inayolinda valvu, haina eneo hilo.

Kinachobaki, na ndicho kilicho ndani ya tagi nyingi ngumu za chuma zinazouzwa, ni antena ya pachi na ndugu zake. Pachi ni bamba la shaba juu, bamba la shaba chini, na dielektriki, yaani kihami, katikati. Badala ya kuukimbia uso wa chuma, inautumia kama sakafu yake. Uga wa umeme ndani yake unasimama wima kati ya mabamba mawili, na uga wa wima ndio chuma kinaouruhusu. Mawimbi yanatoka kwenye nyufa za pembezoni, kwenye zile ncha mbili za urefu. Pachi ya nusu wimbi kwenye bodi ya kawaida ya FR-4, ambayo kipitishi chake cha dielektriki (kipimo cha jinsi kihami kinavyolifupisha wimbi) ni karibu 4.3, inakuwa na urefu wa milimita 83 hivi kwa megahezi 866. Ukiifunga ncha moja kwa ukuta wa shaba unaoteremka hadi sakafuni, nusu ya antena inakuwa haina kazi tena na unaweza kuikata: unabaki na robo wimbi, milimita 42 hivi. Hiyo ndiyo ninayokushauri kwa kola ya mtungi.

Sasa unene. Hapa ndipo nataka utulie, maana watu huchora pachi nzuri kwenye kompyuta, wakaagiza bodi ya milimita 1.6 kwa kuwa ndiyo inayopatikana kila mahali, halafu wakashangaa kwa nini inasomeka nusu mita. Nguvu inayoingia kwenye antena ina milango mitatu ya kutokea: mawimbi, joto ndani ya dielektriki, na joto ndani ya shaba. Pachi nyembamba ina uga mwingi uliofungiwa ndani na nyufa finyu za kutokea, kwa hiyo mlango wa mawimbi unakuwa mdogo. FR-4 nayo ina tanjenti ya upotevu, yaani kipimo cha nguvu ambayo kihami kinaigeuza joto, ya karibu 0.02, ambayo ni kubwa. Kwa kanuni za kukadiria, pachi ya mraba ya milimita 83 kwenye FR-4 ya milimita 1.6 inatoa kama mawimbi asilimia 15 tu ya nguvu iliyopokea. Iliyobaki inapasha bodi joto. Ongeza unene hadi milimita 3.2, bila kubadilisha kingine chochote, na ufanisi unakaribia asilimia 27. Hakuna ujanja wa kuchora utakaokupa faida hiyo kwa urahisi huo.

Upana nao una bei yake. Pachi ya milimita 83 kwa 25 kwenye FR-4 ya milimita 1.6 inashuka hadi karibu asilimia 5, na kwa milimita 3.2 inafika kama asilimia 10. Robo wimbi, kwa kuwa ina ufa mmoja tu wa kurushia, iko chini kidogo ya hapo: kwa upana wa milimita 30 na unene wa milimita 3.2, tarajia asilimia 7 hivi. Usikate tamaa kwa namba hizo, nitakuonyesha baadaye kwamba zinatosha.

Utajiuliza basi kwa nini usinunue bodi za gharama, zile za masafa ya juu ambazo upotevu wake ni chini ya 0.004. Kwa antena hiyo hiyo ya robo wimbi, ufanisi ungepanda kutoka asilimia 7 hadi zaidi ya 25, na umbali ungekaribia kuongezeka maradufu. Tatizo ni kwamba upotevu wa FR-4, pamoja na ubaya wake, unaitanua antena. Kwenye FR-4 antena yako itaitikia ukanda wa megahezi 20 hivi. Kwenye bodi safi ukanda huo unaweza kubanwa hadi megahezi 5 kabla chipu haijaongeza chake. Hapo tabaka moja la rangi, tone la maji, au kundi la bodi lenye kipitishi tofauti kidogo linatosha kuihamisha antena nje ya bendi. Kumbuka FR-4 yenyewe haina namba moja. Kipitishi kikitoka 4.3 kwenda 4.4, masafa yanashuka kwa takriban megahezi 10. Bodi safi hukupa namba thabiti zaidi, lakini bado hazikusamehei rangi na maji. Kwa mtu anayeanza, na kwa kitu kitakachopigwa na jua na mvua ya Dar es Salaam, ningechagua FR-4 nene na uvumilivu wake. Hayo ni maoni yangu. Mwenye kiwanda kinachodhibiti kila milimita anaweza kuchagua vingine.

Keramiki yenye kipitishi kikubwa inafuata kanuni hiyo hiyo. Inaipunguza antena hadi ukubwa wa ncha ya kidole, na inakudai kwa ukanda mwembamba na umbali mfupi. Inafaa zana za fundi na vifaa vya hospitali. Mtungi una nafasi, itumie.

Tuje kwenye kuunganisha chipu, sehemu inayowashinda wengi. Ohmu 200 za riaktansi ya indakta kwenye megahezi 866 ni kama nanohenri 37. Mtu wa dipoli huzipata kwa kuchora kitanzi kidogo kuzunguka chipu. Juu ya sakafu ya shaba iliyo karibu, kila milimita ya mstari mwembamba inakupa nanohenri chache kuliko hewani, karibu 0.6, kwa hiyo ungehitaji mstari wa milimita 60, mrefu kuliko antena yako. Njia nzuri zaidi ni kuiacha pachi yenyewe ifanye kazi hiyo. Antena hii ina tabia ya saketi ya sambamba: chini kidogo ya masafa yake ya mwangwi, pale inapoitikia kwa nguvu zaidi, inaonekana kama indakta. Ichore ili kilele chake kiangukie juu kidogo ya 866, na kwenye 866 itakuwa tayari na sehemu kubwa ya riaktansi unayoihitaji. Kilichobaki unakipata kwa kipande kifupi cha mstari kinachotoka kwenye pachi kwenda kwenye chipu.

Kwenye robo wimbi mahali pa kuungia ndipo panapoamua ukinzani. Karibu na ukuta uliofungwa, volteji ni ndogo na mkondo ni mkubwa, hivyo ukinzani ni mdogo. Kadiri unavyosogea kuelekea ncha iliyo wazi, unapanda. Chipu yako ikitaka ohmu 15, utakuwa karibu na ukuta. Unavyo vitu viwili vya kurekebishia: sehemu ya kuungia kwa ajili ya ukinzani, urefu wa mstari kwa ajili ya riaktansi. Haviko huru kabisa, ukigusa kimoja kingine kinayumba kidogo, lakini kwa mizunguko michache ya programu ya uigaji utafika. Upande mmoja wa chipu unaenda kwenye mstari huo, upande wa pili unateremka sakafuni kwa tundu lililopakwa shaba. Ukuta wenyewe utengeneze kwa safu ya matundu kama hayo yaliyosongamana ukingoni, maana mkondo mkubwa kuliko wote unapita hapo, na matundu machache yanaongeza indaktansi na kuyateremsha masafa.

Kwa uigaji, openEMS ni ya bure na inaweza kuhesabu dielektriki na metali kwa uhakika. Sharti moja: weka bamba la chuma ndani ya mfano tangu siku ya kwanza, la angalau sentimita 20 kwa 20, halafu baadaye libadilishe kwa silinda yenye kipenyo cha mtungi wako. Data ya impedansi ya chipu, yaani ukinzani na riaktansi yake kwa pamoja, ichukue kwenye karatasi ya mtengenezaji, kwenye masafa yako na kwenye kiwango cha nguvu cha kuamkia, kwa sababu chipu hubadilika nguvu inapoongezeka. Na usisahau kapasitansi ndogo inayoongezwa na namna chipu ilivyofungwa kwenye bodi.

Sasa mtungi wenyewe. Mwili wake umepinda, bodi yako imenyooka. Chukua mtungi wa kipenyo cha sentimita 30. Ukiulaza ubao wa milimita 80 kwa kuuzungusha kwenye mwili, ncha zake zitaachana na chuma kwa zaidi ya milimita 5. Ukiusimamisha, urefu ukifuata wima wa mtungi na upana wa milimita 25 ndio unaoufuata mviringo, mwanya wa pembeni ni nusu milimita tu. Tagi yenye sakafu yake ya shaba haijali sana mwanya huo, na hilo ni jambo la kushukuru. Usiikwangue rangi pia. Tabaka la rangi la sehemu ya kumi ya milimita kati ya sakafu ya tagi na chuma cha mtungi linatengeneza kapasita kubwa kiasi kwamba kwa masafa haya ni kama vimegusana. Rangi itakayopakwa juu ya tagi ndiyo ya kuangalia: rangi ya kawaida itayashusha masafa kidogo, rangi yenye unga wa alumini inaweza kuiua kabisa.

Mitungi midogo ya kilo 6 haina ukuta ulionyooka wa maana, ni kama mabakuli mawili yaliyofunikana. Kwa hiyo kwa mitungi yote weka tagi kwenye kola. Upande wa ndani unavutia kwa kuwa umekingwa, lakini pete yenye kipenyo cha sentimita 18 hivi ni finyu mno kwa wimbi la milimita 346 kuingia bila kudhoofika, na valvu iliyo katikati inavuruga zaidi. Upande wa nje unasomeka vizuri, ila unapigwa. Suluhisho ni vipande viwili vyembamba vya chuma vya kuikinga, kimoja kila upande wa urefu, visogee mbali na ncha iliyo wazi kwa sababu ndiyo inayorusha. Vipande hivyo viungwe kwenye kola na watengenezaji au kituo kinachoruhusiwa, mtungi ukiwa mtupu na umesafishwa gesi. Mwili wa mtungi usitobolewe wala kuchomelewa kitu na fundi wa mtaani hata mara moja. Na uliza mapema mitungi inapopelekwa kupimwa upya inapitishwa kwenye nini: kama inasuguliwa kwa chembe za chuma na kukaushwa rangi kwa moto, tagi itatakiwa itoke kwanza au ifungwe ndani ya gamba linalohimili.

Umbali je? Kanuni ya Ulaya inaruhusu wati 2 za nguvu ya mnururisho zikilinganishwa na dipoli, kwenye 865.6 hadi 867.6, ambazo ni kama wati 3.3 zikilinganishwa na antena ya nadharia inayorusha sawa pande zote. Chipu ikiamka kwa desibeli 18 chini ya miliwati moja, na antena ya kisomaji ikiwa ya kurusha uga unaozunguka (polarisheni ya mviringo), ambayo inakugharimu desibeli 3, tagi ya asilimia 7 tuliyoizungumzia inapaswa kuonekana kwa mita tatu na nusu hivi mahali pa wazi. Uwanja wa gesi si mahali pa wazi. Mimi ningeahidi mita 2 na kulala usingizi. Chipu mpya zinazoamka kwa desibeli 21 au chini zaidi zinakuongezea, na kumbuka kila desibeli 6 ni umbali maradufu.

Lakini usimwahidi bosi wako kwamba kreti iliyojaa mitungi itasomwa yote ikipita getini. Mitungi iliyopangana inakingana, tagi iliyogeukia ndani haioni chochote, na hakuna antena itakayopita katikati ya chuma. Soma kwenye mizani ya kujazia, soma wakati wa kupakia mmoja mmoja. Huo ndio mpango unaofanya kazi.

Hakikisha na Mamlaka ya Mawasiliano bendi na nguvu inayoruhusiwa kabla ya kununua visomaji. Marekani wako kwenye 902 hadi 928, China wana 920 hadi 925, na kisomaji ulichoagiza mtandaoni kinaweza kuja kimewekewa bendi yoyote kati ya hizo. Lebo za karatasi zina ukanda mpana, hukuona tofauti. Tagi ya chuma yenye ukanda wa megahezi 20 iliyochorwa kwa 915 itakuwa kimya kwenye 866, na ndiyo sababu watengenezaji huuza matoleo mawili. Jambo zito zaidi ni usalama: tagi haina betri na inashika nguvu ndogo mno, lakini kisomaji cha mkononi, na hata simu, ni kifaa cha umeme. Karibu na sehemu ya kujazia kunatakiwa kifaa kilichoidhinishwa kwa mazingira yenye gesi ya kulipuka, au antena iwe huko na mashine yenyewe ikae nje ya eneo hilo, kwa maelekezo ya mtu wa usalama wa kituo.

Kwa jaribio la kwanza usiagize antena moja. Kwenye bodi moja ya FR-4 ya milimita 3.2 chora safu ya antena zinazofanana, urefu ukitofautiana kwa nusu milimita, kuanzia 39 hadi 44. Kila nusu milimita inahamisha masafa kwa megahezi 10 hivi, kwa hiyo mojawapo itaangukia mahali pake hata kama kipitishi cha bodi hukukijua sawasawa. Zibandike moja baada ya nyingine mahali pale pale kwenye kola ya mtungi halisi, uwanjani, mtungi ukiwa mtupu, kisomaji kikiwa mita moja na kisisogee. Shusha nguvu ya kisomaji hatua kwa hatua hadi tagi ipotee, andika namba hiyo. Inayopotea mwisho ndiyo urefu wako. Kama una NanoVNA, kile kifaa kidogo cha kupimia antena, inayofika juu ya gigahezi 1, tengeneza kitanzi kidogo cha waya, kisogeze juu ya tagi ikiwa kwenye chuma, na utaona shimo kwenye mchoro pale inapoitikia. Itakuambia kama umekosea juu au chini.

Ikiwa zote zinapotea kwa nguvu karibu sawa na hakuna kilele, tatizo liko kwenye kiungo cha chipu, wala si urefu. Rudi kwenye mahali pa kuungia, sogeza milimita 1 kuelekea ukuta na toleo jingine milimita 1 kutoka ukutani, kisha upime tena. Nikiandikiwa aina ya chipu, kipimo cha kola na namba za jaribio hilo, nitaweza kukuambia lipi la kubadilisha.